Pengo la Mkasi wa Meno

Watu walimwita Mama Viraka, na jina hilo hakulichukia hata kidogo. Alikuwa na cherehani moja ya kukanyaga, chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani, na mifuko ya vipande vya vitambaa ambavyo mafundi wengine huvifagia wakavitupa. Kwa vipande hivyo alishona vitu vya watoto: magauni ya kifua cha rangi moja na mgongo wa rangi nyingine, kaptula zenye mifuko isiyofanana, kofia za wachanga, vitambaa vya kufunga shingoni kuzuia mate, soksi, hata vibanio vya nywele vya kuviringisha kwenye lastiki. Mtoto aliyezaliwa mtaa ule asipovishwa kitu cha Mama Viraka, watu walimwona kama hajafika bado.

Alikuwa na masharti yake, na hayakuwa na mjadala. Nguo ya mtoto mchanga isiwe na mshono unaogusa ngozi. Kwa hiyo ndani alitia bitana laini iliyotokana na mashuka yaliyochakaa, kisha akaingiza mkono, akafumba macho, akapapasa kila mahali. Akihisi fundo moja la uzi, nguo ilifumuliwa. Vifungo hakuviamini kabisa. Mtoto, alisema, ni mtu anayekula kila kitu isipokuwa chakula, kwa hiyo yeye alitumia vikamba. Na kila pindo alilikunja mara mbili ya upana wa kawaida, ili mtoto akirefuka mama yake afumue na kulishusha.

"Nguo yangu haimfukuzi mtoto," aliwaambia kina mama. "Inamsubiri."

Ila kipaji chake hasa kilikuwa kusoma vipande. Ungempa kipande cha ukubwa wa kiganja, akakigeuza mara moja, akakwambia kimetoka wapi. Hiki cha kwapani, na mwenye nguo ana mkono mnene. Hiki cha shingo ya mviringo, na fundi alikosea akarudia. Hiki kimekatwa pembeni mwa sketi ya mtu aliyeagiza sketi ya mwaka juzi, akasahau kwamba mwili wake ni wa mwaka huu. Kwa njia hiyo aliwajua wanawake wa mtaa mzima kwa vipimo: nani kanenepa, nani ana mimba na bado hajasema, nani kapungua na anadai ni mazoezi. Hakumwambia mtu. Umbeya wake aliufanya peke yake juu ya cherehani, akicheka kimoyomoyo mpaka mabega yakatikisika.

Vipande vyote hivyo vilitoka kwa dada yake.

Dada yake ndiye aliyekuwa fundi mwenye jina. Duka lake lilikuwa mtaa wa pili, lenye vioo, sanamu mbili za kuvalishwa nguo, na mafundi watano walioinamia vyerehani kutwa. Hapo zilishonwa nguo za harusi na sare za maofisi. Dada alikuwa mrefu, msafi, mwenye sauti ya chini isiyopanda hata akiwa na hasira, na kiunoni alining'iniza mkasi wa meno kwa utepe mwekundu. Nazungumzia ule mkasi unaokata kitambaa ukaacha ukingo wa vijino vijino ili nyuzi zisifumuke. Ulikuwa wa marehemu mama yao. Hakukuwa na mwingine wa namna hiyo pale dukani, na Dada hakumwazima mtu, hata fundi wake mkuu. Aliyetaka kukatiwa alikuja na kitambaa, akasimama, akangoja.

Mkasi huo ulikuwa na jino moja lililovunjika. Kila ulipofungwa, katikati ya vijino palibaki mahali padogo bapa, kama pengo la mtoto wa darasa la kwanza. Mama Viraka alipaita "pengo la mama", na hata Dada alikuwa akicheka akisikia hivyo, ingawa wote wawili walijua kwamba mama hakuhusika.

Aliyelivunja ni Mama Viraka mwenyewe, akiwa na miaka saba. Alitaka bangili, akaona waya wa kuanikia nguo, akaona mkasi. Jino liliruka likapotelea mchangani. Mama yao aliishi kwa mkasi ule, na alipouona alishika fimbo kwanza ndipo akauliza. Mtoto wa miaka saba alisimama akitetemeka, ulimi umemganda. Dada, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, akasonga mbele hatua moja akasema, "Ni mimi." Kipigo alichokipata siku ile kilimfanya avae mikono mirefu wiki nzima katika joto kali. Hakulia wala hakumnung'unikia mdogo wake. Baadaye hakulitaja jambo hilo hata mara moja, na kwa kuwa hakulitaja, lilikaa kati yao miaka yote, zito na la thamani.

Kwa hiyo mnielewe nikisema kwamba Mama Viraka alimpenda dada yake kupita kiasi. Mtu akimsema Dada vibaya mbele yake, alikuwa anakunja uso na kusimamisha cherehani.

Kila Jumatatu asubuhi alikwenda dukani, akaingia chini ya meza ya kukatia na kuokota vilivyoanguka, huku mafundi wakimtania kwamba siku moja watamshonea mkia, awe panya kamili. Na kila Jumamosi alasiri Dada mwenyewe alikuja kwake na mfuko ulioshiba. Humo mlikuwa na vipande vizuri, vimekunjwa, vingine vya upana wa mkono mzima.

"Nimekuwekea," Dada alikuwa akisema, akikaa kwenye kigoda na kunyoosha miguu. "Usimwonyeshe mtu, wasije wakaanza kuniomba."

Sasa hapa ndipo pagumu. Msoma vipande hodari kama yule, aliona au hakuona? Mabaki ya kweli huwa na kona na mapinda, maana yametoka pembeni mwa kwapa na shingo. Vya Jumamosi vingi vilikuwa vimenyooka pande zote nne, na vingine vilikuwa bado na ule ukingo mgumu wa kiwandani wenye maandishi madogo. Kipande namna hiyo hakikubaki kwenye nguo yoyote. Kilikatwa kwenye jora la mtu, makusudi. Mama Viraka aliwahi kuuliza mara moja, miaka mingi iliyopita, na Dada akajibu bila kupepesa macho, "Wateja huleta kingi kuliko mahitaji. Kinachobaki wananiachia." Jibu lilikuwa zuri, naye alilitaka liwe zuri. Hakuuliza tena. Tuseme alijua nusu, na hiyo nusu nyingine aliikalia.

Jambo lingine aliloliona lilikuwa dogo zaidi, akalipita. Tangu msimu wa mvua, yapata miezi minane, vile vipande vikubwa vilianza kuja vimekatwa kwa mkasi wa kawaida. Vilifumuka nyuzi, akalazimika kuvikunja kingo kwa mkono, na uzi ulikwisha upesi. Alipolalamika kwa utani, Dada alishika kifundo cha mkono wake wa kulia.

"Mkono unaniuma, mdogo wangu. Mkasi ule mzito. Nimeanza kuzeeka."

Mama Viraka akamsugua mkono ule kwa maji ya moto, akamwonea huruma.

Siku moja, Jumatano, Mwalimu alisimama dirishani. Alikuwa mwalimu mstaafu, mama wa makamo aliyewafundisha kusoma nusu ya watu wazima wa mtaa, na bado aliwasahihisha barabarani walipokosea. Siku hiyo alikuwa na furaha mpaka akasahau kusalimia vizuri. Binti yake kajifungua mtoto wa kike.

"Nataka kitu cha kwanza cha mjukuu wangu kitoke kwako," alisema. "Chagua mwenyewe, mimi macho yamejaa machozi."

Mama Viraka akashangilia, akamwingiza ndani, akamwaga mezani kila alichokuwa nacho. Kisha akatoa kile alichokiona bora: kigauni cha kijani kibichi chenye ndege wadogo wa manjano, kila ndege amegeuza shingo anatazama nyuma, na kofia yake ya namna hiyo hiyo. Kifuani aliwapanga ndege watatu sawasawa. Alikuwa amekitunza wiki mbili akimsubiri mtoto wa kufaa.

Mwalimu alikipokea kwa mikono miwili. Tabasamu lake likabaki mahali pake, lakini macho yakaondoka. Aligeuza kofia. Ndani, penye mkunjo wa kwenye paji la uso, mlikuwa na ukingo wa kiwandani, na maandishi madogo ya lugha ya mbali.

"Kitambaa hiki umekitoa wapi?"

"Kwa Dada. Si unajua mabaki yangu yote..."

"Kijana wangu alikinunua ughaibuni kwa mshahara wake wa kwanza," Mwalimu alisema taratibu, sauti ileile ya darasani. "Mita tano. Hakuna mwingine hapa mjini mwenye nacho. Dada yako aliniambia kimepungua. Alisema ndege wanataka kupangwa waelekee upande mmoja, kwa hiyo kitambaa kinaliwa. Mikono mirefu niliyoiomba ikawa ya kiwiko, na kilemba nikakikosa. Nikamwomba radhi, mimi! Nikamwambia pole kwa usumbufu."

Ile nusu Mama Viraka aliyokuwa ameikalia ilisimama.

"Twende wote," alisema. "Dada ataeleza."

Aliamini kabisa kwamba Dada ataeleza. Njiani alikuwa akimtafutia maelezo: pengine wanafunzi wa ushonaji walichanganya, pengine fundi mmoja ana tamaa. Alitembea mbele ya Mwalimu kwa haraka ya mtu anayekwenda kumwonya ndugu yake kwamba nyumba inawaka.

Dukani Dada alikuwa anampima bibi harusi mtarajiwa, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Wanawake wawili walisubiri kwenye viti. Mafundi watano walikuwa kazini. Mwalimu alikitandaza kigauni na kofia juu ya meza ya kukatia, ndege wakitazama juu, kisha akavua mtandio wake, akaonyesha mkono wa gauni alilovaa siku hiyo. Ndege walewale. Mkono unaishia kiwikoni.

Vyerehani vilinyamaza kimoja baada ya kingine.

Dada alitazama meza, akamtazama Mwalimu, halafu akamtazama mdogo wake. Kwa muda mfupi Mama Viraka aliona uso wa msichana wa miaka kumi na mitatu, akadhani atasonga mbele hatua moja.

"Mwalimu," Dada alisema kwa ile sauti ya chini, laini, ya kumbembeleza mgonjwa. "Nimeona aibu kukwambia. Huyu ni damu yangu, ningefanyaje? Namruhusu aje Jumatatu kuokota vya sakafuni. Vya sakafuni tu. Mara ngapi nimekukanya, mdogo wangu? Mara ngapi nimekwambia usiguse vya mezani?"

Duka zima lilimgeukia Mama Viraka. Bibi harusi mtarajiwa aliusogeza mkoba wake karibu.

Mtu anayepigwa kofi huona linavyokuja. Hili hakuliona. Alifungua mdomo, na maneno yote yalikuwa pale tayari. Tena hayakuhitajika maneno, maana mkasi ulining'inia kiunoni mwa Dada mbele ya macho ya watu wote. Angelifumua bitana ya kigauni, akaonyesha ukingo wa vijino, akaonyesha pengo, akauliza ni nani duniani anayeshika mkasi huo zaidi ya mwenyewe. Kila fundi pale angejibu. Mmoja wao, yule mkuu, alikuwa ameinamia cherehani yake kana kwamba uzi umemkatikia, na haukuwa umekatika.

Lakini aliiona ile mikono mirefu ya wiki ya joto. Aliiona kama jana. Akasema moyoni: basi, zamu yangu imefika.

"Naomba radhi, Mwalimu," alisema. "Nisamehe."

"Nilikuja kwako kwanza," Mwalimu alisema. "Kabla ya duka lolote." Akakisukuma kigauni kumrudishia. "Kaa nacho. Mjukuu wangu simvishi kitu cha wizi, hata kama kilichoibwa ni changu."

Habari ilifika mtaani kabla yake. Alhamisi asubuhi mama wa mapacha alikuja na kaptula nne zimefuliwa na kukunjwa vizuri, akaziweka dirishani.

"Mimi sina neno, Mama Viraka, unanijua. Ni baba watoto. Anasema wasije wakavuliwa nguo barabarani na mwenye kitambaa chake."

Mchana nyumba nzima nzima zilikuwa zinageuza nguo za watoto, kila mama akitafuta ua lake, mstari wake, gauni lake lililokosa ukosi. Wengine walipata kweli. Mmoja alikuja akapiga kelele kwamba kitambaa cha kofia fulani ni chake, na wakati huohuo jirani yake akadai hichohicho, wakagombana wao kwa wao pale mlangoni mpaka wakasahau waliyekuja kumgombeza. Siku nyingine Mama Viraka angecheka. Mtoto mmoja wa miaka minne, aliyezoea kuja kuomba vipande vya kumvalisha mdoli wake, alivutwa mkono na bibi yake akapitishwa upande wa pili wa barabara, na alikuwa bado anapunga mkono.

Nitawaambia jambo la ajabu. Pamoja na yote hayo, alikuwa na amani fulani. Alilia, ndiyo, lakini alijiambia: Dada alishtuka tu. Mtu akishtuka husema lolote. Angekuwa na muda wa kufikiri asingesema. Na mimi nilikuwa na ushahidi mkononi nikaufunika kwa hiari yangu, kwa sababu aliwahi kunifunika. Hilo lilimpa nguvu ya kuamka. Jina lake lilikuwa limepakwa matope, lakini alilitoa mwenyewe, kama mtu anavyotoa kitu chake cha maana kwa mtu anayekistahili.

Ijumaa alikaa chini kukifumua kile kigauni. Alikusudia kumrudishia Mwalimu vipande vyake, vimefuliwa na kupigwa pasi. Aliichukua sindano, akafungua bitana mshono mmoja baada ya mwingine, akaitoa. Ukingo wa kitambaa cha ndege ukaonekana.

Ulikuwa umenyooka. Hakukuwa na vijino, wala pengo. Kulikuwa na nyuzi zilizofumuka, na mkunjo aliouweka yeye kwa mkono wake.

Kwanza alifikiri aliupunguza mwenyewe. Lakini yeye hakupunguza kipande hata siku moja. Kwa mshona viraka, ukingo wa upana wa ukucha ni mfuko wa kaptula. Ndipo akakumbuka mkono unaouma.

Akauvuta mfuko wa Jumamosi iliyopita, akaumwaga mkekani. Akachukua na ule wa kabla yake, na mwingine. Alianza kuvitenga kama alivyovitenga siku zote, ila sasa mikono yake ilikuwa mizito. Upande huu vipande vidogo vyenye mapinda: vya kwapa, vya shingo, vya kiuno. Upande ule vikubwa vilivyonyooka.

Vidogo vyote vilikuwa na vijino, na pengo la mama likionekana kila baada ya shubiri.

Vikubwa havikuwa na kijino hata kimoja.

Mkono gani huo, jamani, unaouma kwa kuchagua? Mkono unaoweza kuzungusha mkasi mzito kwenye kwapa la mtu, mahali pagumu kuliko pote, ukashindwa kukata mstari ulionyooka? Akarudi nyuma kwa hesabu ya miezi. Msimu wa mvua. Msimu huohuo mke wa mwenye duka la dawa aligombana na Dada kuhusu kitambaa kilichopungua, ikasemwa sana, kisha ikapoa. Ni baada ya hapo mkono ulipoanza kuuma. Dada alikuwa amekaa, akafikiri, akaona siku ya kukamatwa itakuja, na akaona kabisa ni nani atakayeubeba mzigo. Akauondoa mkasi wake kwenye ushahidi, Jumamosi baada ya Jumamosi, kisha akaja na mfuko, akakaa kwenye kigoda, akasuguliwa mkono kwa maji ya moto.

Kwa hiyo pale dukani hakuna kilichofunikwa. Zawadi aliyodhani ameitoa, dada yake alikuwa ameshaichukua miezi minane kabla, bila kubisha hodi.

Hapo ndipo Mama Viraka alilia kilio cha kweli, cha sauti, akiwa amekaa katikati ya vitambaa. Hakulilia jina. Alimlilia yule msichana wa miaka kumi na mitatu, ambaye alidhani yupo bado.

Jumamosi alasiri Dada alikuja kama kawaida, na mfuko ulioshiba.

"Mambo yatapoa," alisema, akakaa kwenye kigoda na kunyoosha miguu. "Watu husahau. Umefanya vizuri sana kunyamaza. Nimekuletea hariri, angalia."

Mama Viraka hakuugusa mfuko. Aliweka vipande viwili kwenye magoti ya dada yake: kimoja kidogo cha kwapa, chenye vijino, na kimoja kikubwa chenye ndege, kilichonyooka.

Dada aliviangalia. Alikuwa fundi, hakuhitaji kuelezwa.

"Sikiliza," alisema. "Lile duka lina mafundi watano, na kila mmoja ana nyumba yake. Likifungwa, wanakwenda wapi? Wewe una cherehani moja. Watu watakusema mwezi mmoja, miwili, basi. Na hata hivyo, vitambaa ulikuwa unavipokea. Hukuuliza."

"Niliuliza mara moja. Kosa langu ni kwamba nilikuamini, na hilo nitalibeba."

"Nilipigwa kwa ajili yako," Dada alisema.

Ndiyo mara ya kwanza kulitaja. Miaka yote ile, na sasa lilitoka mdomoni mwake jepesi kabisa.

"Ulipigwa," Mama Viraka alisema. "Nimelikumbuka kila siku ya maisha yangu. Nililikumbuka Jumatano."

"Basi si unaona? Sikuwa na wasiwasi. Nilijua hutasema. Nakujua kuliko mtu yeyote, mdogo wangu. Nilijua hutasema."

"Kama ulijua sitasema, Dada, meno uliyaondoa ya nini?"

Dada akafungua mdomo. Mkono wake, ule wa kuuma, ulishuka kiunoni ukaushika mkasi, ukaushika tu. Nje watoto walikuwa wanacheza, na mmoja wao alikuwa anahesabu kwa sauti, akaruka saba. Akamaliza kumi.

Mama Viraka akauchukua ule mfuko, akaufunga shingo vizuri, akauweka miguuni pa dada yake. Kisha akaliendea sanduku lililokuwa pembeni mwa kitanda. Chini kabisa mlikuwa na blanketi la viraka alilomshonea binti yake wa kwanza, alipokuwa bado hajui kutia bitana. Upande wa nyuma kingo zote zilikuwa wazi. Humo mlikuwa na vipande vikubwa vya mraba, vya vitambaa vya kila mtu, vya enzi ambazo mkono wa Dada haukuwa unauma, na kila kimoja kimezungukwa na vijino na pengo.

"Unakwenda wapi nalo?" Dada aliuliza. Sauti yake ilipanda. Mama Viraka hakuwahi kuisikia ikipanda.

"Kwa Mwalimu."

"Mimi ni dada yako!"

"Ndiyo," alisema, akatoka.

Alitembea mchana kweupe na blanketi kifuani, na kina mama waliokaa barazani walikatiza mazungumzo kumtazama. Mwalimu alifungua mlango nusu. Nyuma yake ndani, mtoto mchanga alikuwa analia kile kilio chembamba cha siku za kwanza. Mama Viraka aliligeuza blanketi, upande wa nyuma ukawa juu, akakinyoosha kidole mpaka kikafika kwenye pengo la kwanza.

"Mwalimu, kabla hujaniuliza huu ni mkasi wa nani," alisema, "acha nianze mwanzo. Jino hili nililivunja mimi."